Ploti Hii Haiuzwi: Jinsi Nyumba Zinavyoibwa kwa Karatasi Kawangware na Kibera

Katika mitaa mingi ya Nairobi kuna tangazo ambalo mgeni hulisoma mara mbili. Mtu amenunua rangi, ameandika ukutani kwa herufi kubwa kwamba ploti hii haiuzwi, ameongeza namba ya simu, kisha amerudi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wakazi wa Kawangware, Riruta na Kangemi hawahitaji kuelezwa maana yake. Kuna mtu aliyewahi kuiuza nyumba ile, au kujaribu kuiuza, mwenyewe akiwa hana habari. Na mara nyingi mwenye nyumba huyo anayo hati, imefungwa kwenye nailoni na kufichwa mahali ambapo hata watoto hawapajui. Amenunua rangi kwa sababu ameona hati peke yake haimlindi.

Kilomita chache kutoka hapo, katika kijiji cha Soweto West ndani ya Kibera, jirani na Kianda, Gatwekera na Raila, hakuna wa kuandika tangazo kama hilo, kwa kuwa hakuna aliye na hati ya kumiliki ardhi. Ardhi ni ya serikali. Watu wana vyumba vya mabati, wana wapangaji, wana barua za chifu na makubaliano ya kuandikiana. Ndiyo maana mazungumzo kuhusu ulaghai wa hati huwaacha nje, kana kwamba asiye na hati hawezi kuibiwa nyumba. Anaibiwa sana. Na ukilinganisha anavyoibiwa mtu wa Kawangware na anavyoibiwa mtu wa Soweto West, utakuta mwizi anahitaji kitu kimoja pande zote mbili: wanaostahili kujua wasijue, mpaka jina liwe limeshabadilishwa. Kwa hiyo kinga ya mwenye nyumba naipima kwa swali moja tu. Anaambiwa mapema kiasi gani? Kwa kipimo hicho, sheria za Kenya ni hodari baada ya wizi, na ni dhaifu kabla yake.

Nianze na Kawangware, ambako karatasi zipo. Sehemu kubwa ya Dagoretti ilikuwa ndani ya eneo la Wakikuyu la Kiambu kabla mipaka ya jiji haijapanuliwa. Mashamba yalipimwa na kuandikishwa kwa majina ya watu binafsi katika zoezi la kuunganisha vipande vya ardhi lililoanza miaka ya 1950. Ndiyo sababu hati za huko hadi leo zinabeba majina kama Dagoretti/Riruta, kisha namba. Jina lililoandikwa siku ile lilikuwa la baba wa familia. Mzee amefariki, pengine na wanawe wamefariki, shamba limegeuka ploti, ploti imejaa vyumba vya kupangisha, na rejista bado inasema ni mali ya marehemu. Kila mwenye nia mbaya anajua kuitafuta hati ya namna hiyo.

Hapa mlaghai hana haja ya kughushi chochote. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inataka familia ipeleke maombi mahakamani, na maombi hayo huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wa marehemu. Ndugu mmoja akienda kwa chifu na orodha fupi, akawaacha dada zake walioolewa na mjane wa kaka yake aliyerudi kwao, barua itatoka ikiwa na muhuri halali na uongo ndani yake. Tangazo litachapishwa katika Gazeti rasmi la Serikali, likitoa siku 30 kwa mwenye pingamizi. Nani kati ya dada hao husoma Gazeti la Serikali? Siku zikipita, hati ya kusimamia mirathi inatolewa, baada ya miezi kadhaa inathibitishwa, ploti inaandikishwa kwa jina la ndugu huyo, na kabla ya Krismasi ina mnunuzi. Familia inagundua siku wapangaji wanapoambiwa walipe kodi kwa mtu mwingine.

Wanaoathirika zaidi kwa njia hii ni wanawake, na hilo linastahili kusemwa bila kuzungushwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mume au mke. Sheria ya Urithi nayo haimtengi binti kwa sababu ameolewa. Lakini haki hizo zinamsubiri aje adai, na hawezi kudai asichojua kwamba kinaendelea. Ajuza aliyeletewa fomu na mjukuu, akaambiwa, "Shosho, weka kidole hapa, ni ya stima," ametia alama ya kisheria kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea.

Njia ya pili hupitia hati inayodaiwa kupotea. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaruhusu mmiliki aliyepoteza hati apewe nyingine, na ni sawa iwe hivyo, maana nyumba huungua na mabegi huibwa. Mwombaji anakula kiapo, anapata karatasi ya polisi ya kuthibitisha taarifa ya upotevu, na msajili anachapisha notisi kwamba baada ya siku 60, pasipo pingamizi, hati mpya itatolewa. Sasa mweke mlaghai mwenye kitambulisho cha bandia kwenye nafasi ya mwombaji. Hati halisi iko Kawangware kwenye nailoni, na mwenye nayo yuko kazini kibandani. Notisi inatoka siku ya Ijumaa, kama Gazeti hilo linavyotoka kila wiki, katikati ya kurasa za notisi zinazofanana, na siku 60 zinapita. Hati mpya ikishatolewa, ya zamani imekufa bila mwenyewe kuwa na habari.

Wapo pia mashailoki. Mtu anahitaji ada ya shule au pesa za hospitali, anamwachia mkopeshaji hati, na anatiwa shinikizo asaini fomu za uhamisho ambazo hazijajazwa, eti ni dhamana tu. Fomu iliyosainiwa tupu ni nyumba iliyouzwa kwa bei ambayo mkopeshaji ataamua. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu wanaonaswa si wajinga; ni watu waliobanwa, wakakosa benki ya kuwasikiliza.

Je, mahakama? Hapo kuna habari njema, na ni ya karibuni. Kifungu cha 26 cha Sheria ile ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinasema hati ni ushahidi wa umiliki, lakini inaweza kupingwa ikiwa mwenye nayo alishiriki ulaghai, au ikiwa ilipatikana kinyume cha sheria, kinyume cha utaratibu au kwa njama ya ufisadi. Katiba ya 2010, katika ibara ya 40, imesema wazi kwamba ulinzi wa mali hauihusu mali iliyothibitika kupatikana isivyo halali. Kisha Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, juu ya kiwanja cha ufukweni Nyali ambacho awali aligawiwa Rais wa zamani Daniel arap Moi. Kampuni ilidai imenunua kwa nia njema na ina hati. Mahakama ikasema kushika hati hakutoshi. Mizizi ya hati ikiwa imeoza, mnunuzi wa mwisho hasimami. Septemba mwaka huohuo, katika kesi ya Torino Enterprises, mahakama hiyohiyo ikasema barua ya kugawiwa ardhi si hati wala haimpi mtu umiliki mpaka masharti yatimizwe na usajili ufanyike.

Kwa mwenye nyumba aliyeibiwa Kawangware, maamuzi haya ni silaha: hata nyumba yake ikiwa imeuzwa mara tatu, anaweza kuifuata. Lakini silaha hiyo ina makali ya pili. Mnunuzi asiye na hatia ndiye anayebaki mikono mitupu, na mnunuzi huyo naye mara nyingi ni mwalimu au mfanyabiashara wa Gikomba aliyeweka akiba miaka kumi. Novemba 2011 nyumba za Syokimau zilibomolewa juu ya ardhi iliyodaiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, na waliobomolewa walikuwa na karatasi mikononi. Oktoba 2023 matingatinga yaliingia Athi River kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland, ekari 4,298, ambako watu walikuwa wameuziwa viwanja na wakajenga nyumba za kudumu. Walionunua walisimama barabarani wakitazama kuta zikianguka, na wauzaji hawakuwepo.

Makosa haya huwa tunamtwika mnunuzi. Hakufanya sachi ya rejista, hakuajiri wakili, alikimbilia bei rahisi. Ushauri huo ni wa kweli kwa kiasi chake. Sachi ifanywe, wakili athibitishwe katika orodha ya Chama cha Mawakili, majirani waulizwe nani amekaa pale miaka yote. Lakini Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa 2003 na kutoa ripoti mwaka uliofuata, ilikadiria kwamba hati zipatazo 200,000 zilitolewa isivyo halali kati ya 1962 na 2002. Hati hizo hazikuchapishwa uchochoroni. Zilipita kwenye meza za ofisi, zikapigwa mihuri ya kweli. Sachi ya rejista iliyochafuliwa itakujibu kwa uongo uliotiwa saini, na hakuna uangalifu wa raia utakaoziba tundu lililotobolewa kutoka ndani.

Sheria ya Usajili wa Ardhi yenyewe inalijua hilo, maana imeweka haki ya fidia kwa anayepata hasara rejista inaporekebishwa. Wazo hilo ni la zamani. Mfumo wa usajili wa aina hii ulipoanzishwa Australia Kusini mwaka 1858 uliambatana na mfuko maalumu: serikali ikisema rejista yake ndiyo neno la mwisho, basi ikikosea, ilipe. Sisi tulichukua rejista kwa mikono miwili, na mfuko tukauacha nyuma. Mwananchi wa Syokimau au Kawangware leo akiulizia fidia hiyo ataelekezwa mahakamani, miaka na ada za wakili zikimsubiri mbele. Kwa maoni yangu hili ndilo pengo kubwa kuliko yote, kwa sababu ofisi isiyolipia makosa yake haina haraka ya kuyazuia.

Aprili 2021 serikali ilizindua Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa kidijitali, ikianza na Nairobi. Ni hatua ya kweli mbele. Faili halipotei kabatini, na mwenye akaunti anaweza kutazama mali yake kwenye simu. Tatizo ni kwamba mfumo unamlinda aliyejisajili, na aliye hatarini zaidi ndiye asiyejisajili: mzee mwenye simu ya kabambe, mjane ambaye jina lake halimo kwenye hati ya marehemu. Huyo atakwenda saiba, kijana wa pale atamfungulia akaunti, atamwandikia neno la siri kwenye kipande cha karatasi na kubaki nalo kichwani mwake. Uingereza, ambako nako nyumba huibwa kwa vitambulisho vya bandia (mwaka 2021 kasisi mmoja wa Luton alirudi nyumbani akakuta nyumba imeuzwa na samani zimeondolewa), ofisi ya ardhi inatoa huduma ya bure ya kumtahadharisha mtu kwa barua pepe pindi kunapokuwa na shughuli kwenye mali anayoifuatilia. Kwetu barua pepe haitafika mbali. Lakini nchi ambayo simu hulia mtu akitumiwa shilingi 50 kwa M-Pesa haiwezi kusema imeshindwa kutuma ujumbe mfupi nyumba ya mtu inapohamishwa, kwake, kwa mkewe au mumewe, na kwa namba ya mtoto mmoja aliyemchagua mwenyewe.

Mpaka hilo lifanyike, kuna chombo ambacho wengi hawakitumii. Sheria inamruhusu mtu mwenye maslahi kwenye ardhi, akiwemo mke au mrithi, kuweka zuio kwa msajili, ambalo watu wa ofisini huliita kosheni. Likishaingia kwenye rejista, hakuna uhamisho utakaopita kabla aliyeliweka hajajulishwa na kupewa nafasi ya kupinga. Ni rangi ileile ya ukutani, ila imepakwa mahali ambapo mnunuzi na benki watalazimika kuiona. Familia yenye ploti iliyo bado kwa jina la babu haina sababu ya kusubiri mzozo ndipo iliweke.

Sasa Soweto West. Kibera ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa kuwa hifadhi ya jeshi. Wanubi walikaa kwa vibali, wakazaliana, wakazika wazee wao pale, na ikawachukua mpaka Juni 2017 kupata hati ya pamoja ya ekari 288 tu. Sehemu nyingine, Soweto West ikiwemo, ilijengwa na waliokuja baadaye kwa ruhusa za machifu na maafisa wa utawala, nyingi za mdomo. Serikali haikuwahi kuwapa ardhi, na haikuacha kuwatoza pesa za ruhusa.

Mauziano huko yana utaratibu wake. Mnunuzi na mwenye nyumba wanakutana mchana, pengine na mzee wa kijiji. Wanaandika kwenye fulskapu: vyumba vingapi, vya futi kumi kwa kumi, viko mlango gani, vimepakana na nani upande wa juu na upande wa mfereji. Namba za vitambulisho zinaandikwa, nakala zinaambatishwa, mashahidi wawili wanatia saini kila upande. Pesa zinakwenda kwa M-Pesa ili ibaki alama. Wakipenda, wanapeleka kwa chifu ikagongwe muhuri. Kinachouzwa ni mabati, kuta za udongo, wapangaji waliomo na desturi ya kutosumbuliwa. Kwa watu wasio na rejista, ni utaratibu wa akili sana.

Udhaifu wake ni mmoja, na ni mkubwa: nakala hazikutani. Kila upande unaondoka na karatasi yake, na hakuna daftari moja ambalo mnunuzi anayefuata anaweza kulifungua. Hivyo safu ileile ya vyumba inaweza kuuzwa kwa wawili, kila mmoja na mzee wake na mashahidi wake. Kiterika, yaani mtunza nyumba, aliyeachiwa kukusanya kodi, landilodi akiwa ushago kwenye matanga ya miezi miwili, anaweza kuanza kujiita mwenye nyumba na wapangaji wapya wakamwamini. Moto ukizuka, wakazi hupigania kusimamisha mabati usiku uleule moshi haujaisha. Mtu wa nje hushangaa haraka hiyo, lakini kiwanja kitupu asubuhi kina mwenyewe mwingine, na mpaka uliosogea hatua mbili usiku haurudi.

Lakini wizi mkubwa zaidi Kibera huja siku serikali inapofika na kalamu. Katika makazi yasiyo na hati, orodha ndiyo hati. Mradi wa kuboresha makazi ulipoingia Soweto East, wakazi walihesabiwa, wakahamishiwa kwa muda nyumba za Lang'ata mwaka 2009, na Julai 2016 nyumba 822 zikakabidhiwa. Nyumba ni nzuri. Pamoja nazo yalikuja malalamiko ya wakazi kwamba wamo watu wasiojulikana kijijini, na kwamba wenye haki wameachwa. Mtu aliyeongezwa kwenye orodha hiyo kwa hongo amefanya kilekile alichofanya yule wa Kawangware aliyepata hati mpya kwa kiapo cha uongo, ila aliyeibiwa Kibera hana kifungu cha 26 cha kumfuata nacho. Soweto West ikifikiwa na mradi kama huo, na itafikiwa, vita vya umiliki vitakuwa vimeshapiganwa siku ya kuhesabu watu.

Asiye na hati hayuko nje ya sheria kabisa. Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yanataka anayekaa kwenye ardhi bila idhini apewe notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya kuondolewa. Januari 2021, katika kesi ya wakazi wa Mitu-Bell waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu ilitambua kwamba hata wanaokalia ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi inayostahili kulindwa. Haya ni ya kujivunia kwenye karatasi. Lakini Julai 2018 barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopasua Kibera, maelfu ya watu walibomolewa kabla mpango wa kuwahamisha haujakamilika.

Dar es Salaam ilijaribu njia ya katikati. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, wakazi wa maeneo yasiyopimwa wamekuwa wakipewa leseni za makazi za muda maalumu unaoweza kuhuishwa, nyumba zikiwa zimechorwa kwenye ramani na majina kuingizwa kwenye daftari la manispaa. Leseni si hati ya milele, na wengi hawakuihuisha. Ila iliweka jina, nyumba na mpaka kwenye kitabu kimoja kinachoweza kuulizwa. Nairobi nayo ina uzoefu wake: Muungano wa Wanavijiji, ulioanza 1996, umewahesabu wakazi wa makazi kama haya nyumba kwa nyumba, wakazi wenyewe wakisahihisha majina yao. Kwa hiyo ujuzi upo, na upo mikononi mwa watu wa huko huko.

Serikali ya kaunti haihitaji sheria mpya kuanzisha daftari la mauziano katika ofisi za wadi, ambamo kila fulskapu iliyosainiwa Sarang'ombe, wadi ya Soweto West, inaingizwa siku hiyohiyo, pamoja na namba ya mlango na picha ya waliouziana. Na orodha yoyote ya mradi ibandikwe kwenye kuta za Soweto West kwenyewe, mlango kwa mlango, pamoja na jina la mwenye nyumba na la mpangaji, kwa muda wa kutosha hata aliye ushago apigiwe simu arudi. Anayepinga jina asikilizwe mbele ya majirani zake, maana wao ndio wanaojua nani alilala pale mvua ya mwaka jana ilipong'oa paa, na asikilizwe kabla funguo hazijagawanywa.